Sauti Imegoma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Koo

"Mwalimu shikamoo, sauti imegoma." Ujumbe wa namna hii huniingia zaidi Jumatatu asubuhi, na mara nyingi unafuatiwa na picha ya koo lililomulikwa kwa tochi ya simu. Picha hainisaidii kitu. Nyuzi za sauti hazionekani kwa kupanua mdomo. Ziko chini zaidi, ndani ya kongomeo, kile kinachopanda na kushuka shingoni unapomeza mate. Kwa mwanamke urefu wake haufiki sentimita 2, kwa mwanamume ni karibu na hapo au zaidi kidogo. Kitu kidogo hivyo ndicho tunachokipandisha jukwaani dhidi ya spika mbili na ngoma.

Nimefundisha kwaya muda mrefu, na nimewapokea pia waimbaji wa taarabu na vijana wa bongofleva wanaotaka "sauti ya nguvu". Malalamiko ni yaleyale, nami nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea zaidi ndiyo ya kwanza. Usiruke. Watu wengi wanakimbilia ya mwisho, wanajipa ugonjwa, kumbe ufunguo wa wimbo, yaani noti unayojengwa juu yake, ulikuwa juu. Au wanafanya kinyume chake: wanaongeza nguvu, na nguvu ndiyo iliyoleta shida tangu mwanzo.

Kwanza: pa kusimama hapo hapo

Haya hayana mazoezi wala chai ya tangawizi.

Sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, au baada ya kupiga yowe au kukohoa kwa nguvu, nyamaza, hata kama huna maumivu. Inawezekana kamshipa ka damu kamepasuka kwenye uzi wa sauti. Usiimbe, usinong'one, usijaribu kila baada ya saa moja "kuona kama imerudi". Usinywe aspirini wala ibuprofeni bila kumuuliza daktari, kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu. Mwone daktari wa masikio, pua na koo leo au kesho.

Sauti ya kukwaruza iliyopita wiki 3 bila kupona nayo ni ya daktari huyohuyo. Vilevile maumivu ya kumeza yasiyoisha, damu kwenye makohozi, au uvimbe shingoni. Ukipumua kwa shida, au ukivuta pumzi inapiga kama mluzi, hilo ni la hospitali sasa hivi, usiku au mchana.

Jambo moja la ziada: ukiandikiwa antibiotiki mara ya pili na hakuna aliyeziangalia nyuzi zenyewe kwa kamera ndogo au kioo, omba rufaa. Si utovu wa adabu.

Dalili: "Nikipanda juu inapasuka"

Hili ndilo lalamiko namba moja, na lina mahali pake. Kwa wanaume wengi matata huanza karibu na C ya kati ya kinanda hadi F au G iliyo juu yake, mwimbaji wa besi akitangulia kukwama kuliko wa tena (sauti ya juu ya wanaume). Kwa wanawake wanaopandisha sauti ya kifua, ile nzito ya kuongelea, ni kuanzia E hadi A juu ya C hiyohiyo.

Huku chini nyuzi zinakuwa nene na fupi, huko juu zinavutwa na kuwa nyembamba. Msuli unaonenepesha unatakiwa ulegee kidogo kidogo wakati ule unaovuta unapokaza. Ukipanda huku umeng'ang'ania unene wa chini, inafika noti ambayo msuli mmoja unaachia kwa mpigo. Ni dereva aliyeingia mlima Kitonga na gia kubwa, hataki kuibadilisha: lori litatetemeka, halafu litazima.

Sababu ya kwanza ni kuimba kwa sauti kubwa mno mahali hapo. Imba mstari uleule kwa nusu ya sauti. Ukipita bila kupasuka, umeshapata jibu. Dawa yake ni kutetemesha midomo, ile *brrr* ya mtoto anayeendesha gari la maboksi. Panda na kushuka kwa solfa, d r m f s f m r d (do, re, mi, fa, so na kurudi), kisha sogea nusu hatua juu, na tena, hadi upite mahali pabaya na kuendelea noti tatu au nne. Midomo ikisimama kutetemeka, umeongeza nguvu. Rudi noti moja. Dakika tano zinatosha. Mrija wa soda unafanya kazi hiyohiyo: imba ndani ya mrija, ncha ikiwa imezama sentimita 2 hivi kwenye glasi ya maji, mapovu yatoke sawasawa. Mtaalamu wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyeufanya mrija ujulikane kwa waimbaji wengi. Msukumo wa hewa unaorudi nyuma kutoka kwenye mrija unazisaidia nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu.

Sababu ya pili ni ufunguo. Wimbo uliousikia umerekodiwa kwenye ufunguo wa koo la mwenzako. Shusha hatua moja nzima, imba, sikiliza. Kuna waimbaji wanaona kushusha ufunguo ni aibu, na siwaelewi. Mshonaji akikupunguzia gauni likutoshe huoni aibu.

Ya tatu ni irabu, na hapa Kiswahili kina mambo yake. "Bwana" kwenye noti ya juu ni rahisi, "Mungu" ni kazi. Irabu *u* na *i* zinabana njia, hivyo wanawake huko juu waangushe taya kidogo ndani ya irabu, *u* iegemee *o*, *i* iegemee *e*, na msikilizaji bado atasikia neno lake. Wanaume wana shida ya upande wa pili: *a* iliyopanuka sana inawavuta kwenye kupayuka, kwa hiyo waizungushe kidogo kuelekea *o*. Halafu kuna *m* inayosimama peke yake. Katika "Mtakatifu" ile *M* ni silabi kamili na mtunzi ameipa noti yake. Waimbaji wanaifinya kwa midomo na koo pamoja, halafu *ta* inafuata juu ikiwa imeshanyongwa. Imba *m* hiyo huku meno yameachana ndani ya midomo iliyofungwa. Nimewahi kuwafanyisha soprano zoezi la *m* hiyo moja kwa robo saa, wakanikasirikia, na mstari ukakaa.

Ya nne: kidevu kinachofuata noti. Simama mbele ya kioo, mkono mmoja kisogoni. Shingo ikirefuka kama ya mtu anayechungulia ukuta, kongomeo nalo linapanda, njia inafinyika.

Ya tano inawahusu wavulana wa miaka 12 hadi 15 hivi. Sauti inavunjika kwa kubalehe, inashuka karibu oktava nzima, na hakuna zoezi la kuizuia. Mpe noti zinazomtosha mwezi huu, mwezi ujao mpime upya. Usimhamishie besi kwa lazima eti kwa kuwa besi wamepungua.

Simama na uonane na daktari ikiwa noti ulizokuwa ukizipita kwa urahisi zimeanza kupasuka, na mapumziko ya wiki mbili hayakubadilisha kitu.

Dalili: "Jumapili naimba, Jumatatu sina sauti"

Hesabu kwanza. Alto anayeshika A iliyo juu ya C ya kati, nyuzi zake zinakutana mara 440 kwa sekunde. Kwa dakika moja ni mara 26,400. Sasa weka mazoezi ya Jumamosi ya muda wa saa tatu, ibada mbili, na kazi ya wiki nzima ya kuongea kwa sauti: mwalimu wa shule ya msingi, konda, muuza nguo mnadani. Wengi wanaosema kuimba kunawamaliza, wanachomalizwa nacho ni kuongea. Kuimba kunawakuta wamebakiza kidogo.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza kwaya nilikuwa nafundisha darasa la watoto zaidi ya sabini asubuhi, jioni mazoezi ya Pasaka. Ijumaa Kuu sauti ilikuwa imeota kutu. Mama mmoja wa kwaya akanipa mayai mawili mabichi, nikameza. Mkesha wa Jumamosi nilianzisha wimbo, ikatoka hewa tupu. Kwaya ikasimama inanitazama. Wiki mbili nzima nikawa naandika ubaoni na kwenye vikaratasi.

Mayai hayakuwa na kosa, na hayakuwa na msaada. Unachomeza kinapita mlango wa nyuma kwenda tumboni, na kidakatonge kinafunga njia ya hewa ili kisiguse nyuzi. Yai, asali na ndimu, chumvi, karafuu ya kutafuna, vyote vinatuliza koo la kumezea. Hata maji hayagusi nyuzi. Yanapita tumboni na kwenye damu kwanza. Ndiyo maana chupa unayoigugumia dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani imechelewa. Kunywa tangu asubuhi, kidogo kidogo. Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni mvuke: bakuli la maji ya moto, taulo kichwani, dakika tano hadi kumi, bila kuchanganya dawa ya kuchua. Bakuli liwe mezani penye utulivu, watoto wakae mbali.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni mzigo, nayo inatibiwa kwa kupunguza. Mazoezi ya saa tatu yawe na vipindi vya kusoma nota kimyakimya au kwa mvumo mdogo. Viongozi, acheni tabia ya kurudia noti ya juu kabisa mara ishirini ili "wazoee".

Ya pili ni kushindana na kelele. Ukiwa kwenye kelele unapandisha sauti bila kujua; daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alilieleza hili mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo tabia hiyo inabeba jina lake. Jukwaani dawa ni fundi mitambo akurudishie sauti yako kwenye spika inayokutazama. Asipoweza, ziba sikio moja kwa kidole. Kama una uchaguzi kati ya kuomba ngoma ipunguzwe na kuongeza nguvu yako, omba.

Ya tatu ni ukavu, nimeshauongelea. Ya nne ni tindikali ya tumbo: mazoezi yanaisha saa tatu usiku, chipsi mayai saa nne, kitandani saa nne na nusu. Unaamka sauti nzito, unakohoa kusafisha koo, hadi mchana inafunguka. Acha saa tatu kati ya chakula na kulala kwa wiki mbili uone. Ya tano ni mafua: nyuzi zimevimba, kuziimbisha ni kutembelea kifundo kilichoteguka.

Ya mwisho, na ndiyo wanayoiogopa wote, ni vinundu kwenye nyuzi. Vipo, hasa kwa wanawake wanaotumia sauti sana na kwa watoto wa kiume wapiga kelele. Lakini vingi vinalainika kwa kubadilisha matumizi ya sauti pamoja na mtaalamu wa tiba ya sauti, si kwa kisu.

Jipime hivi kila asubuhi: imba ule wimbo mfupi wa siku ya kuzaliwa, juu kabisa na kwa sauti ndogo kabisa, kama unambembeleza mtoto aliyeshalala. Ikitoka safi, nyuzi hazijavimba. Ikitoka hewa kwanza, au inachelewa kushika, au inakubali tu ukiongeza nguvu, leo si siku ya mazoezi. Na kunong'ona si mapumziko. Wengi tukinong'ona tunabana koo kuliko tukiongea kwa upole.

Dalili: "Pumzi inaisha kabla ya mstari"

Karibu wote wanadhani wanavuta hewa kidogo. Tatizo la kawaida ni kuimwaga: nusu ya hewa inaondoka na neno la kwanza. Jaribu *sss* ukiangalia saa. Sekunde 15 hadi 20 zenye mlio usiotetereka ni mwanzo mzuri; ikianza kwa kishindo na kuishia kwa kikohozi, umeona ilikokwenda.

Sababu ya pili ni pumzi ya mabega. Walimu tunasema "imba kwa tumbo" na tunawapoteza watu, maana hewa haiingii tumboni. Kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka, kinasukuma matumbo mbele, mbavu za chini zinafunguka. Zoezi ninalolipenda ni la kanga. Ikunje, ifunge kuzunguka mbavu za chini, ikaze kiasi cha kuigusa tu. Vuta pumzi kimya hadi kanga ibane. Sasa imba mstari wote huku ukiizuia isilegee haraka. Haitabaki imebana hadi mwisho, lakini iachie polepole kama mtu anayeshusha ndoo kisimani, si anayeitupa.

Ikiwa hayo yote yako sawa na bado hewa inavuja, pima *sss* kisha *zzz*, kila moja kwa pumzi kamili, mara tatu. Kwa kawaida zinakaribiana. *Sss* ya sekunde 20 na *zzz* ya sekunde 10, tena na tena, ni ishara kwamba nyuzi hazifungi vizuri. Hapo mazoezi ya pumzi hayatasaidia. Rudi kule juu nilikoandika daktari.

Dalili: "Kwaya inaflati"

Mnaanza kwenye G, mpiga kinanda akigusa mwishoni mko chini. Uchovu kwanza, kisha kutosikilizana, kisha noti inayorudiwa mara nyingi ambayo kila mara inateleza kidogo. Angalia *m* na *t* za solfa (mi na ti) zinaposhuka. Hapo ndipo tuni inapodondokea. Kama wimbo unaangukia kwenye noti zinazopasuka za tena wengi, upandishe nusu hatua badala ya kuushusha. Inaonekana kinyume, lakini mara nyingi inakaa.

Dalili: "Naimbia puani"

Imba "baba yake Asha alipita hapa" kwenye noti moja, halafu bana pua katikati. Maneno hayo hayana *m* wala *n*, hivyo sauti isibadilike. Ikibadilika, kaakaa laini halijapanda: anza kila mstari kwa mwanzo wa mwayo. Isipobadilika, huimbii puani. Una sauti yenye makali tu, na wapo wanaoilipia. Mlio wa puani uliokuja ghafla, au pua inayoziba upande mmoja daima, ni wa daktari.

Dalili: "Mapambo hayatoki"

Mwambie mwimbaji akutajie pambo lake polepole kwa solfa. Mara nyingi hawezi. Basi sauti haina hatia, kwani hakuna koo linaloweza kukimbia njia ambayo kichwa hakijaijua. Weka mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila pigo, kisha mbili, kisha nne. Usisonge mbele mpaka zote zisikike kama punje za mtama zilizotengana.

Noti ukizijua na bado zinajikunja, umezibeba kwa uzito. Punguza sauti hadi nusu. Angalia pia kidevu: kikicheza kwa kila noti, kinafanya kazi isiyo yake. Kishike kwa vidole viwili.

Waimbaji wa taarabu wana jambo lao. Baadhi ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, yana noti zinazokaa kati ya vitufe viwili vya kinanda. Fidla, udi na kanuni zinazitoa. Kinanda cha kawaida hakizitoi mpaka kipangwe. Ukijifunza pambo hilo kwa kinanda halafu ukaambiwa "haujakolea", hukukosea koo, ulikosea mwalimu. Kaa karibu na mpiga udi.

Dalili: "Nikiimba chochote, nasikika kwaya"

Hawa ndio wanaonifurahisha zaidi, kwa sababu sauti zao ni nzima. Wamezoea vazi moja tu. Na kosa linaenda pande zote: mwimbaji wa bongofleva anayeingia kwaya na kusikika peke yake katikati ya alto ishirini ana ugonjwa huohuo.

Sababu ya kawaida ni kutojua mtindo umetengenezwa na nini. Sikiliza sahani za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, halafu msikilize Bi Kidude, aliyefariki 2013, kisha kwaya yako. Usisikilize uzuri. Sikiliza noti inaanzaje: kwa kugonga, kwa hewa, au kwa kupanda kutoka chini? Mtetemo, ule wa sauti kuyumba kidogo juu ya noti, uko kila mahali au mwisho wa mstari tu? Irabu iko wazi kama ya kuongea au imezungushwa? Neno linakuja juu ya pigo au nyuma yake?

Chukua mstari wowote, mathalani "Nimekuja na salamu toka pwani", uuimbe kwa noti zilezile ukibadilisha kitu kimoja kimoja. Mara ya kwanza bila mtetemo kabisa. Mara ya pili irabu za mazungumzo, kana kwamba unamwambia jirani dirishani. Mara ya tatu chelewesha "salamu" nyuma ya pigo. Rekodi zote kwa simu, zisikilize kesho yake, maana leo bado unajisikia kwa ndani.

Sababu ya pili ni woga wa sauti ya kifua kwa wanawake waliolelewa soprano. Waanze kwa kuita, kama unavyomwita mtoto uani, "Asha ee!", chini ya ile A niliyoitaja, kisha mwito huo wautie kwenye noti.

Ya tatu ni kukwaruza kwa makusudi, kule kunguruma kwa dansi na injili. Kunafanyika, ila msuguano uwe juu ya nyuzi, usiwe kwenye nyuzi zenyewe, na tofauti hiyo haiandikiki. Inahitaji mwalimu aliyesimama mbele yako. Kipimo ni ule wimbo wa siku ya kuzaliwa, dakika kumi baada ya kunguruma. Noti ndogo ya juu ikiwa imepotea, acha kunguruma mpaka umpate mwalimu huyo.

Nilikuwa na alto aliyeimba taarabu kwenye harusi Jumamosi usiku na kwaya Jumapili asubuhi, na kila Jumapili alikuwa anamfunika jirani yake. Tulihangaika na sauti yake mwezi mzima. Mwishowe nikamwomba aje na maikrofoni yake ya harusini. Akaishika pale pale midomoni kama alivyozoea na kuimba mstari wa kwaya, nusu ya nguvu yake ya Jumapili. Nikamwambia aimbe hivyohivyo, kisha nikaizima mkononi mwake bila kumwambia. Hakugundua mpaka mstari ulipoisha.